Lemoigne, Mzee Aliyeikuta Plastiki Ndani ya Bakteria

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari wilayani Bagamoyo, masomo ya Kemia na Biolojia. Siku moja, kipindi cha mwisho, nilikuwa kidato cha nne, mada ni kemia ya kaboni. Nilijiona nimejiandaa, maana madesa yangu ya mwaka wa kwanza nilikuwa bado ninayo. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba plastiki ya mfuko ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, nikachora ubaoni, nikauliza kama kuna swali. Mara nyingi hakuna. Siku hiyo kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akaomba auize kwa Kiswahili.

Akasema kwao ni wavuvi. Babu yake alikuwa akibebea samaki kwenye pakacha, na pakacha likitupwa ufukweni, masika yakipita haulioni tena. Mfuko ukitupwa pale pale, mwaka unaofuata unaukuta, umejaa mchanga tu. Sasa kama pakacha ni kaboni na mfuko ni kaboni, kwa nini wadudu wa udongoni wanakula kimoja na kuacha kingine?

Nikamwambia hilo halimo kwenye muhtasari. Darasa likacheka, kijana akakaa, kengele ikanisaidia.

Jamani, ile jioni sikulala vizuri. Ukweli ni kwamba muhtasari haukuwa na kosa lolote. Mimi ndiye nilikuwa sijui. Na nilichomfundisha yule kijana siku hiyo ni kwamba ukiuliza swali zuri, unachekwa. Jumamosi nikapanda gari la Makumbusho, nikarudi chuoni, nikaingia maktaba. Huko ndiko nilikokutana na Maurice Lemoigne. Kwa watu wa plastiki zinazooza, huyu ni kama babu wa ukoo: fungua makala yoyote ya fani hiyo, jina lake limo katika aya za mwanzo, na mwaka 1926, halafu mwandishi anaendelea na mambo yake. Mimi nataka nikae naye kidogo.

Lemoigne alizaliwa Ufaransa mwaka 1883. Ili tumweke mahali pake, mwaka huo Bagamoyo ilikuwa bado mji wa misafara ya pembe za ndovu, na mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wameshakaa pale miaka 15, tangu 1868. Wala Bagamoyo wala Paris hakuna aliyekuwa amewahi kubebea samaki kwenye mfuko wa plastiki. Lemoigne alikuwa mtoto mdogo Taasisi ya Pasteur ilipofunguliwa Paris mwaka 1888, na alikuwa hajafika miaka 13 Louis Pasteur mwenyewe alipofariki mwaka 1895. Pasteur alikuwa ameacha fundisho moja kubwa: vitu havichachuki vyenyewe. Tembo la mnazi likilala likawa kali, kuna viumbe wadogo humo ndani waliokula sukari na kuacha kitu kingine mahali pake. Lemoigne alikuja kuwa mtu wa Taasisi ya Pasteur, na swali lake la maisha likawa hilo hilo: bakteria wakila, wanaacha nini?

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa tayari anachunguza bakteria wa udongoni wa kundi la Bacillus, wale wa jamii ya subtilis, na vitu wanavyotengeneza kutokana na sukari. Kimoja ni asetoini, miongoni mwa vitu vinavyoipa siagi harufu yake. Ilikuwa kazi ya subira: kulisha bakteria, kupima, kuandika, kulisha tena. Ukiangalia orodha ya kazi zake hukuti hata moja inayosema anatafuta plastiki. Hakuwa anaitafuta.

Alichofanya baadaye ni kubadilisha mezani pa hao bakteria wake. Badala ya kuwapa sukari, aliwaacha na njaa. Aliwachukua wakiwa wameshiba, akawaweka kwenye maji safi yasiyo na chakula chochote, akaangalia. Kwa akili ya kawaida, bakteria asiye na chakula hawezi kutengeneza kitu. Lakini yale maji yalianza kuwa na asidi. Hebu fikiria uko maabara, umeona namba isiyotarajiwa. Wengi wetu tungesema chupa haikuoshwa vizuri, tukanakili jibu la jirani. Lemoigne aliifuata ile asidi.

Mwaka 1923 alichapisha jina lake: asidi ya beta-haidroksibutiriki. Haikuwa ngeni kwa madaktari. Walikuwa wameshaifahamu tangu miaka ya 1880 kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa wa kisukari, na leo tunajua kwamba hata ini la mtu mzima wa afya, akikaa na njaa muda mrefu, linaitengeneza ili mwili upate nguvu. Kwa hiyo ilikuwa asidi ya njaa. Lakini mwili wa binadamu una mafuta ya kuyeyusha. Bakteria aliyeachwa kwenye maji matupu anaitoa wapi?

Kwa miaka minne hivi aliendelea kuuliza hilo tu. Alitumia sana bakteria aitwaye Bacillus megaterium, mkubwa kwa vipimo vya bakteria, rahisi kuonekana kwa darubini (siku hizi wataalamu wamembadilishia jina, wanamwita Priestia megaterium). Alipovunja seli zake na kuziosha kwa klorofomu, kitu kimoja kilitoka kikiwa kimeyeyuka humo. Klorofomu ikiondolewa, kinabaki kigumu cheupe. Na kigumu hicho kikivunjwa kinatoa ile ile asidi ya njaa. Katika maandiko yake ya 1926 na 1927 akawa ameshaeleza kwamba asidi haikutoka hewani. Ndani ya bakteria kulikuwa na molekuli kubwa iliyojengwa kwa vipande vingi vya asidi hiyo, vilivyounganishwa kimoja baada ya kingine. Leo tunaiita kwa kifupi PHB. Ni plastiki halisi: unaweza kuipasha moto, inayeyuka kwenye nyuzi joto 175 hivi, ukaimimina kwenye umbo ukapata chupa au sahani.

Bakteria anaihifadhi kwa nini? Ni kama nundu ya ng'ombe. Malisho yakiwa mengi anaweka akiba, kiangazi kikija anaila. Akiwa na sukari nyingi lakini amekosa kitu kingine cha kumkuza, kama naitrojeni, hawezi kuzaana, basi ile sukari anaigeuza kuwa vichembe vya PHB na kuvijaza mwilini. Wapo bakteria ambao ukiwakausha, asilimia 80 ya uzito wao ni plastiki hiyo. Wale bakteria wa Lemoigne kwenye maji matupu walikuwa wanakula akiba yao, na ile asidi ilikuwa makombo ya chakula.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa kwenye kimbweta. Nilikuwa nimeanza kuliona jibu la yule kijana. Lakini kuna tarehe nyingine iliyonishika zaidi. Plastiki ya ule mfuko tuliouita rambo, yaani polithini, ilitoka katika maabara ya kampuni ya ICI kule Uingereza mwaka 1933. Lemoigne aliieleza yake mwaka 1926. Plastiki inayooza ilijulikana miaka 7 kabla ya plastiki ya mfuko isiyooza! Siku zote nilidhani dunia ilitengeneza uchafu kwanza, halafu ndipo wataalamu wakaanza kutafuta dawa. Kumbe dawa ilikuwa kabatini tangu mwanzo.

Kwa nini haikutoka? Moja ya sababu ni kwamba Lemoigne mwenyewe aliihesabu kuwa mafuta. Inayeyuka kwenye klorofomu kama mafuta, iko kwenye vichembe kama mafuta, bakteria anaila kama mafuta. Akaiweka kwenye kundi hilo, na kwa kazi yake haikuwa kosa kubwa. Mwaka 1944, mwaka ambao Paris ilikombolewa kutoka mikononi mwa Wajerumani, yeye na wenzake Delaporte na Croson walichapisha kazi ndefu wakionyesha kwamba kuwepo au kutokuwepo kwa kitu hicho kunasaidia kutofautisha aina za Bacillus. Yaani mkononi ana malighafi ya chupa, anaitumia kama kitambulisho cha bakteria. Simcheki. Alikuwa mtu wa bakteria na aliwajibu watu wa bakteria.

Sababu ya pili ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Miaka ile ile ya 1920 wanakemia walikuwa wanabishana kama molekuli ndefu namna hiyo zipo kweli. Mjerumani Hermann Staudinger alisema zipo, wakubwa wengi wa fani wakampinga, na Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 1953. Mnyororo halisi, uliotengenezwa na kiumbe hai, ulikuwa umeelezwa kwenye majarida ya biolojia ya Kifaransa, lakini waliokuwa wakiuhitaji hawakuwa wasomaji wa majarida hayo. Ninapowaona wenzetu wa uhandisi wakipita mbele ya maabara ya mikrobiolojia bila hata kuchungulia, nawaza habari hii. Na sisi wa ualimu pia, tunaosema Kemia na Biolojia ni masomo mawili kwa sababu ratiba imeyaweka vipindi viwili.

Sababu ya tatu ni bei. Mafuta ya petroli yalikuwa rahisi, na polithini ni mtoto wa petroli na gesi.

Mwaka 1958 watafiti wawili wa Edinburgh, Macrae na Wilkinson, walirudi kwa huyo huyo megaterium. Wakaonyesha wazi kwamba ukizidisha sukari na kubana naitrojeni, akiba ya PHB inaongezeka, na kwamba bakteria mwenye akiba anachelewa kufa njaa. Karibu na wakati huo kampuni moja ya Marekani, W. R. Grace, ikajaribu kuifanya bidhaa, ikaona gharama haibebeki, ikaacha. Lemoigne alifariki mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Hakuna duka lolote duniani lililokuwa likiuza chupa ya plastiki yake.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1973, bei ya petroli ilipanda ghafla dunia nzima, na viwanda vikaanza kutafuta malighafi nyingine. Kampuni iliyolifungua upya kabati la Lemoigne ilikuwa ICI, wale wale wa polithini. Walimlisha sukari bakteria mwingine wa udongoni, ambaye leo anaitwa Cupriavidus necator, kwenye matangi makubwa, na plastiki yake wakaipa jina la Biopol. Mwaka 1990 ilitoka Ujerumani kama chupa ya shampuu ya kampuni ya Wella. Tangu maandiko ya 1926 ilikuwa imepita miaka 64.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 watafiti wa Marekani na Ujerumani walikuwa wameshazipata jeni za kazi hiyo. Wafanyakazi wenyewe ni vimeng'enya vitatu tu. Fikiria mtu anayetunga shanga. Kimeng'enya cha kwanza kinashika vipande viwili vidogo vilivyotokana na sukari na kuvibandika pamoja. Cha pili kinakipa kipande hicho haidrojeni, ushanga ukawa tayari. Cha tatu kinatunga, ushanga baada ya ushanga, hadi maelfu kwenye uzi mmoja. Na kila bakteria mwenye kutunga ana pia kimeng'enya cha kutungua, maana akiba usiyoweza kuila si akiba. Zaidi ya hapo, udongoni na baharini wapo bakteria na kuvu wengine wanaotoa vimeng'enya nje ya miili yao ili kula PHB ya majirani waliokufa.

Basi hilo ndilo jibu. Kitu kinaoza pale ambapo kuna kiumbe mwenye kimeng'enya cha kukikata. Pakacha ni selulosi, na kuvu na bakteria wana vimeng'enya vya selulosi tangu zamani sana. PHB imeunganishwa kwa vifungo vya esta, na kila kifungo ni mahali pa kupitisha kisu. Mfuko wa polithini ni kaboni iliyoshikana na kaboni, mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali rahisi pa kuanzia, na tangu 1933 hadi leo ni muda mfupi mno kwa viumbe wadogo kujifunza chakula kipya. Tofauti haiko kwenye kaboni. Iko kwenye namna ilivyofungwa, na kama yupo anayejua kuifungua.

Jumatatu nikarudi kidato cha nne. Kabla ya somo nikawaambia kwamba wiki iliyopita nilijibu vibaya, na kwamba sikujua. Palikuwa kimya kidogo, hawajazoea. Kisha nikawasimulia habari za Mzee Lemoigne na bakteria wake wenye njaa, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na vimeng'enya nikavionyesha kwa shanga za binti mmoja wa mbele. Yule kijana hakusema kitu hadi mwisho. Halafu akauliza la pili.

Akauliza, kama bakteria wanatengeneza plastiki kwa sukari, na pale Makurunge kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, kwa nini hatutengenezi hapa?

Safari hii sikukimbilia muhtasari. Nikamwambia wazo lake si la ajabu: Brazili walianza kiwanda cha majaribio cha PHB ndani ya kiwanda cha sukari katikati ya miaka ya 1990. Nikamwambia pia yanayokatisha tamaa. Hadi leo PHB ni ghali mara kadhaa kuliko plastiki ya kawaida, maana lazima umlishe bakteria, umkuze, umvunje, usafishe, ndipo upate unga. Ukiwa safi, yenyewe ni ngumu lakini inavunjika kirahisi, hadi ichanganywe na ndugu zake. Nikamwambia na jambo ambalo naliandika hapa kwa ajili yetu sote, kwa sababu tunadanganyika. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchini, na hilo ni jema, ufukwe umepumua. Lakini ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, tunayopewa dukani na kujiona tumeokoka, imetengenezwa kwa polipropilini, nayo ni plastiki. Ni minene na unaweza kuitumia mara nyingi, ila ukiitupa baharini itakaa. Na si kila kilichoandikwa kinaoza kinaoza popote. Ile plastiki ya wanga wa mahindi iitwayo PLA inahitaji joto la nyuzi 60 hivi kwenye mtambo wa mboji. Ukiidondosha Mlingotini, kwenye kamba za mwani za akina mama, itawasumbua miaka. PHB bahari inaila, ingawa kipande kinene nacho kinachukua miezi mingi au zaidi. Kwa hiyo ukiuziwa kitu kinachooza, uliza kinaoza wapi, na nani anakila.

Kijana akasikiliza. Akasema basi kazi ni kushusha bei. Nikasema ndiyo, na kwamba watu wanaoifanya wengi walianza kwa kukaa dawati la nyuma kama yeye. Sikumwahidi kiwanda. Boom langu lenyewe lilikuwa limeisha, ningeahidi nini?

Baada ya mwezi nikamaliza mazoezi, nikarudi kwenye vimbweta na mitihani. Sikuwahi kumwambia yule kijana kitu kimoja, nakiandika hapa. Tunapomsoma mtu kama Lemoigne, tunaambiwa aligundua plastiki ya bakteria, kana kwamba aliamka asubuhi akaikuta mlangoni. Alichogundua kwanza kilikuwa maji yaliyochachuka wakati hayakupaswa kuchachuka. Yalikuwa nje ya kazi aliyokuwa akiifanya, na angeweza kuyamwaga. Nami nilikuwa na swali la pakacha mkononi, likiwa nje ya kazi yangu, nikalimwaga mbele ya wanafunzi 50. Bahati yangu ilikuwa Jumamosi na nauli ya kwenda Makumbusho.

Mwakani wengi wetu tutakuwa walimu. Swali la namna hiyo litakuja, kwa Kiswahili, kutoka nyuma ya darasa, dakika 3 kabla ya kengele. Mimi nimeshaamua kwamba nikiwa silijui nitasema silijui, nitaliandika kwenye daftari, na Jumatatu nitarudi nalo.